Picha ya Chozi Uwani kwa Bi Mize

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimesimama uwani kwa shangazi yangu, mtaa wa Mlandege, Unguja, mkononi nina mkasi na moyoni nina tamaa, nami nikijiona mjanja kuliko mji mzima. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ilikuwa miaka ile ya hamsini, wakati kupigwa picha kulikuwa shughuli ya kuvalia kanzu ya Idi. Niache nikusimulie polepole. Mzee akikimbiza maneno huangusha meno, na mimi yamebaki machache.

Nilikuwa nafanya kazi katika studio moja ya picha huko Mji Mkongwe. Usidhani nilikuwa mpiga picha. Tajiri wangu akipiga, mimi nikiosha trei za dawa, nikifagia, nikishika pazia la nyuma lisipeperuke wakati bwana harusi anakunja uso. Kila siku nilimsumbua anifundishe kazi yenyewe, mpaka akachoka na mdomo wangu. "Niletee picha moja," aliniambia, "moja tu, ambayo mtu akipita dirishani kwangu atasimama. Nikiitundika, trei utamwachia mwengine." Akanipa kamera yake ya pili, ile ya kutazamia juu, ambayo unainamisha kichwa kama mtu anayechungulia kisima, pamoja na filamu ya picha kumi na mbili. Akanipa siku tatu.

Sikuhitaji kufikiri nipige nini. Uwani kwa shangazi kulikuwa na chozi, yule ndege mdogo mnyonya maua.

Hapa sharti nirudi nyuma kidogo, univumilie. Shangazi yangu huyu, Bi Mize, alikuwa amefiwa na mumewe, Bwana Kombo seremala, na alikuwa kwenye eda. Vijana wa leo mnalisikia neno hilo bila kujua uzito wake. Mjane hukaa nyumbani mwake miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato. Mimi ni mtoto wa kaka yake, maharimu wake, basi nikatumwa nikakae naye, nimchotee maji na kumtazama. Kumtazama ndiko kulikokuwa kazi. Mwezi wa kwanza hakunipa zaidi ya salamu. Nikisema, "Shikamoo shangazi," hujibu, "Marahaba," na hapo amefunga duka. Chakula alikigusa kwa ncha za vidole. Mama yangu alikuwa akija kila Ijumaa, na kila Ijumaa alirudi kwao analia njiani.

Kisha yule ndege akaja.

Siku hiyo nilitoka kazini alasiri, nikamkuta shangazi amekaa kwenye dirisha la chumba chake, kofia aliyokuwa akishona imemwangukia mapajani. Aliniashiria kwa kidole. "Haji, njoo. Njoo taratibu. Hebu mtazame bibi huyu anavyojenga."

Nilistaajabu kwanza kwa kuwa amesema. Halafu nikatazama, nikastaajabu zaidi. Nje ya dirisha, hatua tatu tu, palikuwa na mkomamanga alioupanda marehemu mumewe mwaka walipooana. Kwenye tawi la chini, ndani ya majani, chozi jike alikuwa ananing'iniza nyumba. Ndege mwenyewe, mwanangu, ungemfumbata kiganjani usingemwona. Rangi yake ya vumbi, mdomo wake mwembamba umepinda kama sindano ya magunia. Alikwenda kwenye nondo za dirisha letu, akavuta utando wa buibui, akarudi nao, akaufunga na jani kavu dogo, akaenda tena. Mumewe alikuwa juu ya kamba ya nguo, anang'aa kijani na zambarau, anapiga kelele na hafanyi kitu. "Wanaume," alisema shangazi, na nikaona pembe ya mdomo wake inacheka.

Kiota kilipokwisha kilikuwa na umbo la kifuko kinachoning'inia, mlango ubavuni, na juu ya mlango, amini usiamini, kijibaraza cha kuzuia mvua. Nani alimfundisha? Hakuwa na futi, hakuwa na randa. Shangazi alikuwa akiweka vipande vya uzi wa kofia juu ya kizingiti cha dirisha, na ndege akavichukua vyote, akavishonea humo humo. Nyumba yake ikawa na michirizi myeupe. Mimi nimekulia kwenye mji wa milango ya nakshi, lakini nilisimama pale dirishani nikajiona sijawahi kuona kazi ya mkono.

Tangu siku ile shangazi alirudi kula. Nikifika kutoka kazini hunipa habari: leo ametaga, leo hajatoka, leo wametoka makinda wawili, vichwa vyao vitupu kama vya wazee wa baraza. Mama yangu alikuja Ijumaa akakuta watu wanazungumza ndani ya nyumba, akakaa chini mlangoni kwa furaha. Hakuna aliyelisema, lakini sote tulijua. Roho ya Bi Mize ilikuwa imening'inia kwenye tawi lile pamoja na wale makinda.

Basi nilipoleta kamera nilimwomba ruhusa. Alifikiri, akasema, "Piga. Lakini usiguse hata jani. Ngoja, atakuonesha mwenyewe."

Siku ya kwanza nilijaribu alasiri. Niliweka kamera juu ya kigoda, kigoda juu ya pipa, nikafunga uzi wa kofia kwenye kidude cha kufyatulia, nikauvuta mpaka jikoni, nikajificha huko na moshi wangu. Ndege alikuja. Lakini chini ya majani kulikuwa giza, na filamu za siku zile zilikuwa na njaa ya mwangaza. Siku ya pili nikajaribu adhuhuri, jua liko utosini. Majani yakawa mwavuli, kivuli kikazidi. Asubuhi? Asubuhi sikuijaribu. Nikishaswali alfajiri nilikuwa narudi kitandani, na kitanda cha ujana kina sumaku.

Siku ya tatu niliamka nina hasira na saa inanikimbiza. Ilikuwa kama saa mbili. Shangazi alikuwa chumbani anasoma Yasini yake, mgongo kwa dirisha. Nikachukua mkasi wake wa nguo. Nilijiambia vijitawi vitatu tu, vitaota tena, mti hauna ulimi. Ndivyo shetani anavyozungumza na mwenye haraka: humpa hesabu ndogo. Nikakata. Jua likamiminika juu ya kile kiota, kila uzi ukaonekana. Nikarudi jikoni na uzi wangu, na chozi jike alipokuja, akasitasita, akazunguka mara mbili, kisha akaingia, nikavuta. Nikapiga tisa zilizobaki. Nikatoka mbio kuelekea mjini kabla Yasini haijakwisha.

Nataka nikuambie ukweli wote, kwa hivyo nitakuambia na raha niliyoiona. Chumba cha giza kilikuwa na taa moja nyekundu. Filamu ilipokauka, niliweka karatasi nyeupe ndani ya trei ya dawa, nikaitikisa. Karatasi tupu. Kisha katikati pakatokea doa la kijivu, doa likawa mstari, mstari ukawa mdomo uliopinda, na ndege akanijia kutoka ndani ya maji, jicho lake likinitazama. Nilipiga kelele. Tajiri aliingia, akatazama, akanigonga begani. "Hii itasimamisha watu," alisema. Sikuwahi kufurahi vile, na sidhani kama nimefurahi vile tena.

Na saa ile ile, mwanangu, kunguru alikuwa uwani kwetu.

Unawajua kunguru wetu hawa wenye shingo za kijivu. Hawakosi kuona. Kiota ambacho wiki tatu walikipita bila kukijua, leo kilikuwa kimewekwa wazi kama sahani ya sambusa. Shangazi alisikia kelele za chozi, akatoka na ufagio, mwanamke aliyekuwa hajakimbia tangu arusi yake, akampiga kunguru huku anapiga kelele, hata akina Bi Salma, jirani zetu, wakasikia sauti yake upande wa pili wa ukuta. Alimfukuza. Lakini kinda mmoja alikuwa ameshatolewa nje.

Niliporudi nilikuwa na picha yangu ndani ya bahasha, bado ina ubichi. Nilimkuta amekaa chini ya mkomamanga, ndani ya upindo wa kanga yake ameweka kitu kidogo, na pembeni yake vile vijitawi vitatu nilivyovikata, vimeshaanza kunywea. Sikuhitaji kuambiwa. Nikasimama na bahasha yangu mkononi. Nilitamani ardhi inimeze, lakini ardhi haiwamezi watu kirahisi namna hiyo.

"Umepata ulichokitaka?" aliuliza.

"Shangazi, mie sikujua. Nlitaka kumwona vizuri tu. Macho hayana pazia."

"Hayana pazia, lakini yana kope," alisema. Hakupaza sauti. "Weye umekuta mlango wa mtu umefunikwa, hukujiuliza umefunikwa kwa nini. Umemvua sitara na wanawe ndani. Nlikwambia ungoje. Mie nnakaa humu miezi minne na siku kumi, Haji, nnangoja. Weye siku tatu zimekushinda."

Akainuka, akamzika yule kinda kwenye mzizi wa mkomamanga, akaingia ndani, akafunga dirisha. Usiku ule sahani yake ilirudi jikoni kama ilivyokwenda. Nilipomwambia shikamoo asubuhi, hata marahaba sikuisikia vizuri. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini mimi mjukuu wangu alizaliwa siku ile ile, akalia mpaka asubuhi.

Kilichobaki kilikuwa kinda mmoja ndani ya kiota, na mama yake anayezungukazunguka juu ya ukuta asithubutu kushuka. Nilikwenda kwa jirani nikaomba makuti mawili. Niliyafunga juu ya tawi, taratibu, pumzi nimeikata, nikafanya dari pale nilipobomoa. Kisha nikachukua ufagio, nikakaa uwani upande wa pili, kwenye jua. Kwa tajiri nilituma salamu kwamba sitakuja. Sikujali tena trei ataoshewa na nani.

Nilikaa tangu saa tatu mpaka karibu na adhuhuri. Hakuja. Kunguru walikuja mara nne, nikawarushia kila kilichorushika, pamoja na kiatu changu kimoja ambacho kiliangukia kwa akina Bi Salma. Kinda alikuwa analia ndani, kisauti kama cha mlango unaotaka mafuta, na kila mara kilikuwa kidogo zaidi. Nilimwomba Mungu. Nilikuwa mtu mzima mwenye masharubu, nimekaa juani, naomba dua kwa ajili ya ndege.

Halafu akatua kwenye kamba ya nguo. Mdomoni alikuwa na buibui. Akayatazama makuti yangu, akainamisha kichwa huku, akainamisha kule. Kinda akalia tena. Chozi akaruka, akaning'inia mlangoni pa nyumba yake, akaingiza kichwa. Alipokitoa, mdomo ulikuwa mtupu.

Nyuma ya dirisha nikasikia, "Alhamdulillahi." Dirisha likafunguka kidole kimoja.

Nililia, mwanangu, na sina haya kukuambia. Kiumbe kisichofika uzito wa tende, nyumba yake imebomolewa, mwanawe ameuawa, ndani yake kukawa na kitu kinachomrudisha pale pale, penye hatari ile ile. Mwenye kukitia kitu hicho ndani ya kifua kidogo vile ni nani kama si Yeye? Nilikaa siku sita na ufagio wangu. Nikaona mengi ambayo kamera haikunionesha: namna anavyotoa uchafu wa mwanawe na kwenda kuutupa mbali ili adui asijue, na namna lile dume la kelele, nililolidharau, lilivyomkabili kunguru uso kwa uso, kitu kama njugu kikipigana na jogoo.

Siku ya saba, baada ya chakula cha usiku, shangazi alisema, "Kesho lete mashine yako."

Nilidhani sikusikia. "Mashine, shangazi? Ya picha?"

"Ya picha. Jua linaingia pale kila siku saa moja na nusu. Linapita juu ya ukuta wa kina Bi Salma, linakuja chini chini, chini ya majani, linampiga mlangoni pake. Hukaa kidogo, kadiri ya mtu kumaliza kikombe cha kahawa, kisha huondoka. Hukuniuliza, Haji. Ungeniuliza ningekwambia."

Saa moja na nusu. Mimi nilikata yale majani saa mbili. Nilitangulia kuwa na mkasi nikachelewa kwa nusu saa, na mtu aliyejua alikuwa amekaa hatua tatu kutoka pale, miezi yote ile, hana kazi nyengine ila kutazama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nilikuwa nimesimama wima kama nguzo ya taa.

Tajiri alinipa kamera bila maneno, akidhani nakwenda kumletea nyengine kama ile. Asubuhi nilipanga kila kitu mapema, na ule uzi, badala ya kuupeleka jikoni, nikauingiza dirishani kwa shangazi. Nikaufunga kwenye kidole chake. Nikakaa chini ya dirisha.

"Akitua kwenye kamba, bado," alininong'oneza. "Akitazama kushoto, bado. Akishusha mkia ndipo."

Jua likaja kama alivyosema. Halikuwa jua la kumwagika, lilikuwa utepe. Ulipita juu ya ukuta, ukateremka chini ya makuti, ukagusa mlango wa kiota, na nyuzi za kofia zikawaka. Chozi akatua kwenye kamba. Akatazama kushoto. Akashusha mkia, akaruka, akasimama hewani mbele ya mlango, mbawa zake zinapitisha mwanga kama karatasi ya mafuta, na kinda akatoa kichwa chote nje, kinywa kimefunguka, chekundu ndani kama komamanga lililopasuka. Shangazi akavuta.

Tulipiga moja tu. Hakutaka ya pili. "Mtu akishaona," alisema, "asiwe mlafi."

Ilipotoka kwenye dawa, tajiri aliitazama akakunja uso. Nusu yake kivuli, alisema, watu wataona nini? Aliitundika ile ya kwanza, ingawa nilimsihi asiitundike. Na watu kweli walisimama. Wakanisifu, nikapandishwa kazi, trei akapewa mwengine. Miezi yote ile picha ilipokuwa pale dirishani nilikuwa nikipita upande wa pili wa njia, kichwa chini. Kuna sifa zinazomchoma mtu kuliko matusi, uombe usizijue.

Ile ya pili nilimpelekea mwenyewe. Aliishika kwa mikono miwili. Ndani ya giza lile la majani palikuwa na utepe mmoja wa mwanga, na ndani ya utepe mama na mtoto, basi. Aliitazama mpaka nikadhani amesinzia.

"Kombo angeipenda hii," alisema.

Lilikuwa jina la mumewe, na hakuwa amelitamka tangu jeneza litoke mlangoni. Kisha akalia, kwa sauti, kilio alichokuwa amekibana miezi mitatu, na mimi nikakaa naye mpaka kikaisha. Akaniomba chai. Kinda aliruka siku mbili baadaye, mimi nikiwa kazini, sikumwona. Lakini niliporudi shangazi alinisimulia mwanzo mpaka mwisho, akionesha kwa mikono, wali wake unapoa, akaula wote.

Basi mwanangu, nimekuona na simu yako. Leo kila mtu ana kamera mfukoni, na filamu yake haiishi. Sikukatazi. Piga ndege, piga watu, dunia ya Mungu ni ya kutazamwa, na asiyestaajabu ameshakufa nusu. Ninalokuusia ni hili: kilichofunikwa kina sababu ya kufunikwa. Kabla hujasogeza jani, kabla hujafungua pazia la mtu ili wewe upate picha nzuri, jiulize ni nani atakayeona baada yako wewe kuondoka. Wewe utakwenda na picha yako. Kunguru atabaki.

Na ukikosa mwangaza, usikimbilie mkasi. Tafuta mtu aliyekaa pale muda mrefu, aghalabu ni mwanamke na hakuna anayemuuliza kitu, ukae chini, umuulize. Huenda saa ya mwangaza huo ipo, ni wewe tu uliyelala.

Sasa nenda, mwanangu. Mola akusitiri wewe na watakaokuwa ndani ya nyumba yako, akuepushe na sifa usizostahili, na akuoneshe uzuri wake kwa saa yake, ukiwa macho, mikono yako mitupu. Amin.